Unga wa Fataki Haulali
Hotuba kwa wazee, walimu na wanakijiji wa Isansa



Nimesimama kuwaambia habari ya fataki ambazo vijana hujitengenezea kwa unga wa vichwa vya viberiti, wapate kushangilia Krismasi na Mwaka Mpya.

Katika kichwa cha kiberiti mna klorati na salfa. Njiti ikiwa nzima, gundi huvishika vitu hivyo visiwake kwa ghafula. Kijana akivikwangua na kuvisaga, amekifungua kifungo hicho. Unga huo hauhitaji moto ili uwake. Msuguano au pigo dogo latosha. Tena ukiwekwa siku nyingi, salfa huweza kufanya asidi kwa unyevu wa hewa, nayo asidi ikikutana na klorati, unga waweza kuwaka wenyewe. Ndiyo sababu Uingereza ilikataza mchanganyiko wa namna hiyo katika fataki mwaka 1894.

Kumbukeni pia Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Ikiwa ghala lenye walinzi liliweza kulipuka, itakuwaje kopo lililofichwa chini ya kitanda?

Basi, mzazi akiuona unga huo asiuguse wala asiutupe motoni. Awaondoe watoto, kisha awaite polisi. Nanyi walimu, wafundisheni wanafunzi sababu, wala si katazo tu. Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.