Kuilea Ibada ya Kila Siku na Kuutunza Mwili Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)



Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Wengine tulianza tukiwa na watoto mgongoni, na watoto hao ndio hao wanaopanga viti na kugawa soda hapa. Mweka hazina ameshasoma hesabu, nasi hatutazirudia. Sisi wa upande wa maombi na afya tumepewa kazi nyingine. Tumeambiwa tuseme juu ya mama mwenye nyumba, watoto, genge au cherehani, na kikundi juu yake, ambaye pia daktari amemwambia apunguze uzito. Mama huyu atapata wapi muda wa kukaa na Mungu wake kila siku?

Huenda mtu akauliza, mambo haya yanahusu nini sherehe ya akiba? Yanahusu sana. Atakayefungua daftari la mfuko wa jamii ataona wenyewe. Kurasa za mwanzo misaada mingi ilikuwa ya uzazi na ada za shule. Kurasa za miaka ya karibuni maneno yanayojirudia ni presha, sukari na kiharusi. Wenzetu wawili tuliowazika hawakuwa wamefika miaka hamsini na mitano. Aidha, wapo wenzetu wengi ambao kwa akiba hii wameezeka bati na kuvuta umeme, lakini katika nyumba hiyo hiyo nzuri watu hawasali tena pamoja. Jioni ikifika baba yuko na taarifa ya habari, watoto wako na simu, mama yuko jikoni. Basi tumejenga nyumba, na ndani yake kuna mambo mawili yanayovuja: mwili na ibada. Ndiyo maana tunasema leo.

Kwanza: Ibada si kazi ya wenye nafasi

Wengi wetu tunadhani ibada ya kila siku ni ya watawa, wachungaji na wajane wazee waliokwisha kulea. Maandiko hayasemi hivyo. Danieli alikuwa mkubwa wa serikali, mmoja wa wakuu watatu waliosimamia maliwali mia na ishirini. Tungesema leo, mtu mwenye mafaili mezani mpaka kidevuni. Lakini mtu huyo alipiga magoti mara tatu kwa siku, tena kwa desturi aliyokuwa nayo tangu zamani. Siku ya hatari ilipofika hakuanza kujifunza kusali. Alichota kwenye akiba.

Naye Bwana Yesu, ukisoma Marko sura ya kwanza, utaona jioni moja mji mzima ulikusanyika mlangoni wakimletea wagonjwa. Kesho yake alfajiri, kabla hakujapambazuka, alitoka kwenda mahali pa faragha kusali. Hakungoja kazi ziishe, maana kazi za watu haziishi. Hilo kila mama analijua.

Nje ya Biblia tunao mfano wa Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, aliyeishi kuanzia 1669 hadi 1742. Alizaa watoto kumi na tisa, na wengi kati yao alizika wakiwa wachanga. Mumewe alikuwa mchungaji, lakini madeni yalimwandama hata akafungwa gerezani mwaka 1705 kwa kudaiwa. Mwaka 1709 nyumba yao ikaungua moto. Mama huyu alisali, akawafundisha watoto mwenyewe, na kila mtoto akampangia jioni yake katika juma, wakae wawili tu wazungumze habari za roho. Jioni ya John ilikuwa Alhamisi. Huyo John na mdogo wake Charles ndio walioanzisha mwendo wa Wamethodisti. Kwa hiyo tusiseme kwamba shida za fedha na kelele za watoto zinaizuia ibada.

Pili: Kidogo kidogo, lakini bila kukosa

Akina mama, hili hatuhitaji kufundishwa na mtu. Sisi ni watu wa hisa. Tunajua kwamba anayeleta kidogo kila wiki humpita anayeahidi kuleta nyingi mwisho wa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Basi ibada nayo iende hivyo. Dakika kumi kila siku zinatosha kuanzia: mistari michache ya Neno, kimya kidogo, sala fupi, na jina la mtu mmoja wa kumwombea.

Ndugu zetu Wamoravian wana desturi nzuri sana. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728 walianza kupelekeana neno moja la Maandiko kwa kila siku, na tangu 1731 wamekuwa na kijitabu cha maneno hayo. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na desturi hiyo wakaja nayo. Neno moja tu kwa siku! Lakini mtu akilishika asubuhi, akalitafuna akichota maji, akalirudia kwenye foleni ya daladala, jioni limeshakuwa lake.

Halafu kuna suala la nani ashike ibada nyumbani. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu tofauti. Tulifanya hivyo ili kikundi kisisimame kwa mtu mmoja. Je, nyumbani tumefanyaje? Nyumba nyingi ufunguo wa ibada anao mama peke yake. Mama akiugua au akisafiri, ibada imefungwa. Tunashauri mgawane. Mtoto mmoja asome, mwingine aanzishe wimbo, baba aombe, na zamu zibadilike. Mwenzetu mmoja alipopatwa na kiharusi, ulimi ukawa mzito, hakuweza kusema neno. Jioni ile ile mwanawe wa miaka kumi alichukua Biblia akasoma zaburi kando ya kitanda, kwa sababu Jumanne ilikuwa zamu yake. Mama yule leo anaongea, yupo hapa ukumbini, naye ametuambia kwamba usiku ule ndipo alipoiona faida ya miaka yote ile.

Na wale ambao baba wa nyumba hasali, au ni wa imani nyingine, msifanye ibada kuwa ugomvi. Timotheo alilelewa katika imani na bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na baba yake alikuwa Myunani. Ibada fupi, ya upole, isiyo na mafumbo ya kumchoma mtu, huzaa matunda.

Tatu: Mwili nao umekabidhiwa kwetu

Sasa tuje kwenye mazoezi. Hapa pana makundi mawili. Wapo wanaosema mazoezi ni mambo ya wasichana wa mjini, mama mtu mzima na raba barabarani ni aibu. Wapo na wengine ambao wameanza mazoezi, wakanoga, na sasa mizani imekuwa ndiyo madhabahu: asubuhi wanaipanda kabla ya kusali, na ikisema vibaya siku nzima imeharibika.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, na utauwa una faida katika mambo yote. Tuangalie vizuri hapo. Hakusema hayana faida. Aliyapa nafasi yake. Na kwa Wakorintho alisema mwili ni hekalu la Roho. Hekalu hupigwa fagio, huzibwa paa linapovuja, lakini hakuna anayelisujudia jengo.

Tusisahau pia habari za Eliya. Alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumpa mahubiri kwanza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Ndipo akatembea siku arobaini mpaka Horebu. Mama asiyelala, asiyekula vizuri, akishindwa kusali asijilaumu kwamba ameacha imani. Pengine amechoka tu. Apumzike, na nyumba imsaidie.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mara mbili kwa wiki kazi ya kukaza misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwongozo wao wa mwaka 2020 unasema hata vipande vifupi vinahesabika. Kwa hiyo kulima, kubeba ndoo na kwenda sokoni kwa miguu vyote vimo. Mwendo wa wastani utaupima hivi: uwe unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Ukiona unamaliza pambio zima bila kuhema, ongeza kasi. Ukishindwa hata kuitikia salamu, punguza. Chumvi nayo wanasema isizidi gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyoko kwenye mkate na viungo vya pakiti. Kipimo cha presha kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, tena siku tofauti, mama aende kituo cha afya, na akiandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameombewa. Dawa na maombi havigombani.

Nne: Viwili hivi vinakwenda pamoja

Kumbukumbu la Torati sura ya sita inawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu na watoto wao katika nyakati nne: wakiketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Njiani! Wale wanafunzi wawili wa Emau walikuwa wakitembea kama kilomita kumi na moja huku wakizungumza, ndipo Bwana mwenyewe akafuatana nao. Basi nusu saa yako ya kutembea asubuhi inaweza kuwa ibada. Nenda na binti yako, au jirani. Robo ya kwanza mseme neno la siku, robo ya pili muombee nyumba mnazozipita. Huna haja ya kupaza sauti.

Lakini tahadhari mbili. Kwanza, kutembea kusile muda wote wa faragha. Bado panahitajika dakika za kukaa kimya peke yako. Pili, tusichanganye kufunga na kupunguza unene. Anayefunga ili nguo imkae anafanya mlo, na aseme hivyo. Anayefunga kwa ajili ya sala, akili yake iko kwa Mungu na kile alichoacha kula humpa mwenye njaa. Na mwenye sukari anayetumia dawa au sindano, mwenye mimba na anayenyonyesha wasifunge bila kuongea na mganga. Mungu hapendezwi na mama kuanguka kisimani.

Na tusishindane. Mmoja atapungua kilo kumi, mwingine mbili. Mmoja atasoma sura nzima, mwingine mstari mmoja kwa sababu miwani hana. Katika hisa hatumcheki mwenye hisa moja. Hapa pia tusichekane.

Maombi yetu kwa kikundi

Mama Mwenyekiti, hatutaki kuwachosha. Tunaomba mambo manne yaingie katika mwaka wa kumi na moja:

a) Kila mkutano wa wiki uanze na neno moja, nalo ndilo liwe neno la nyumba zetu wiki nzima.

b) Mkutano wa kwanza wa kila mwezi aitwe muuguzi atupime presha, na gharama itoke mfuko wa jamii. Kuzuia ni rahisi kuliko kuuguza.

c) Akina mama wa kila mtaa wapange kutembea pamoja siku tatu kwa wiki. Nani asiyejua kwamba peke yako utaahirisha?

d) Kila nyumba igawe funguo za ibada kwa watu wasiopungua watatu, mtoto mmoja akiwemo.

Haya hayahitaji mkopo wala riba. Yanahitaji ile ile tabia iliyotufikisha hapa: kuja, kuleta kidogo, kuandikiwa, na kuja tena wiki ijayo. Watoto wetu watarithi bati na viwanja, na hilo ni jema. Lakini wakirithi pia mama aliye hai na desturi ya kusali, watakuwa wamerithi kitu ambacho mwizi haingii kukichukua.

Mungu awabariki, akibariki kikundi chetu na nyumba zenu.