Makengeza ya Mtoto Mdogo: Familia Inaamua Nini, na Lini

Mwenyekiti, wauguzi na matabibu wenzangu wa kliniki za mama na mtoto,

Kwenye ratiba mada hii iliandikwa "Upasuaji wa Makengeza". Niliomba kichwa kibadilishwe, kwa sababu mzazi anayetujia na mtoto wa mwaka mmoja au miwili mwenye kengeza huwa na swali hilo hilo: atapasuliwa au hapasuliwi? Kwa mpangilio wa kazi yetu swali hilo ni la tatu. La kwanza ni kama ndani ya jicho kuna ugonjwa. La pili ni kama jicho lililopinda linaona sawa na mwenzake. La kwanza lijibiwe wiki hii hii. La pili lina miezi michache. La kunyoosha macho linaweza kungoja zaidi ya hapo. Familia isipoelezwa tofauti hiyo hukimbilia pa kungoja na kungoja pa kukimbilia, na sisi tuliowapokea mlangoni ndio tungeweza kuwaeleza.

Nianze na wasio na makengeza kabisa. Watoto wengi huzaliwa na pua bapa kati ya macho, tena na mkunjo wa ngozi unaofunika weupe wa jicho upande wa ndani. Ukiwatazama, hasa wakigeuka kando, utaapa kwamba jicho limeingia puani. Tochi ndogo humaliza ubishi: kaa mbele ya mtoto, mulika katikati ya macho yake, kisha tazama kimeta kinachoakisiwa. Kikiwa mahali pamoja kwenye mboni zote mbili, macho yamenyooka. Kikihama milimita moja, jicho limepinda kwa takriban nyuzi 7. Bibi anayesema "atakua, yataisha" hajazua neno lake. Amewaona wajukuu ambao pua iliinuka na kengeza likatoweka. Bahati mbaya hayo hayakuwa makengeza, na ushauri wake unafika kwa mtoto mwingine ambaye anayo kweli. Vilevile macho ya mtoto wa chini ya miezi mitatu hutangatanga mara moja moja bila shida yoyote. Akishapita miezi minne, jicho linalopinda lipimwe, hata kama linapinda jioni tu akiwa na usingizi.

Sasa ugonjwa. Saratani ya retina ya watoto, retinoblastoma, huanza wakati mwingine kwa kengeza tu, kwa kuwa jicho lisiloona vizuri halina cha kulishikilia likae sawa. Ni ugonjwa adimu, takriban mtoto mmoja kwa kila vizazi hai 16,000 hadi 18,000, lakini unatibika ukiwahiwa na unaua ukichelewa. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 4,000, ulionyesha kuwa katika nchi tajiri nusu ya watoto walikuwa wamegunduliwa kufikia umri wa miezi 14. Katika nchi maskini ni miezi 30. Katika miezi hiyo 16 ya tofauti mtoto amepita mikononi mwetu kwa chanjo na mizani mara kadhaa. Kwa hiyo mboni inayong'aa nyeupe, kwa tochi au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa fleshi, haipewi tarehe ya kurudi. Inapewa rufaa leo, kwenye hospitali yenye kliniki ya macho ya watoto: Muhimbili au CCBRT kwa walio Dar es Salaam, KCMC kwa ukanda wa Moshi. Mtoto wa jicho naye huonekana hivyo hivyo, na rufaa yake ni hiyo hiyo. Kengeza la ghafla lenye homa, kutapika, kope kuanguka au kichwa kinachokua kupita kiasi ni la wodi ya watoto kabla halijawa la macho. Na hakuna mtoto wa makengeza anayepelekwa kwa upasuaji kabla mboni haijapanuliwa kwa dawa na sehemu ya nyuma ya jicho kutazamwa. Kulipasua jicho lenye saratani iliyojificha ni kuifungulia njia.

Ugonjwa ukishaondolewa mashaka, tunaingia kwenye uoni. Mtu mzima akipinda jicho ghafla huona vitu viwiliviwili na kupata kizunguzungu. Mtoto mdogo halalamiki, maana ubongo wake huizima picha ya jicho lililopinda. Ukiizima kila siku, njia ya jicho hilo kwenda kwenye ubongo haikui, na hilo ndilo tunaloliita jicho vivu. Halina kidonda wala ukungu, na ukubwani miwani hailisaidii. Matibabu yake hufaa zaidi kabla ya miaka 7, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo hasara inavyokuja haraka na ndivyo inavyorudishwa haraka.

Utajuaje kwa mtoto asiyejua kusoma herufi wala kutaja picha? Mpe kitu anachokipenda, biskuti au funguo, kisha ziba jicho moja kwa kiganja. Ukiziba lililopinda anaendelea na mchezo wake. Ukiziba zuri anasukuma mkono, anainua kidevu, analia. Hapo ameshakujibu vizuri kuliko kipimo chochote cha ukutani. Akikubali kuzibwa upande wowote, na kengeza likawa linahama, leo kulia kesho kushoto, hiyo ni nafuu: macho yote mawili yanatumika.

Kinachofuata karibu siku zote ni miwani, na hapa ndipo pagumu kuliko kwenye chumba cha upasuaji. Mholanzi Frans Donders alieleza mwaka 1864 jambo ambalo bado linawashangaza wazazi: jicho lililo fupi kuliko kawaida hulazimika kujikaza ili lione, na kila macho yanapojikaza kutazama karibu huvutwa pia kuelekea puani. Mtoto wa aina hii huzaliwa macho yakiwa sawa. Kengeza linaanza kujitokeza kwenye mwaka wa pili au wa tatu, mwanzoni akitazama sahani au akichezea kijiko. Dawa yake ni kumpunguzia kazi ya kujikaza, yaani miwani. Wengi wa watoto hawa hunyooka kwa miwani peke yake, wala hawahitaji kisu. Ukiwapasua bila kuwavisha miwani kwanza, unahatarisha jicho kupinda kuelekea nje miaka ya baadaye.

Kipimo cha miwani hiyo hakitegemei majibu ya mtoto. Hutiwa matone ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho, atropini nyumbani kwa siku chache au siklopentoleti pale kliniki, kisha mtaalamu husoma kwa mwanga. Mwanga wa jua utamchoma mtoto macho, na mboni zitabaki kubwa, siku moja kwa siklopentoleti na wiki moja au zaidi kwa atropini. Mzazi aambiwe kabla, la sivyo chupa itatupwa njiani.

Kisha miwani inafika nyumbani na ugomvi unaanza. Jicho linapinda vilevile miwani ikivuliwa wakati wa kuoga, tena kwa macho ya familia linapinda kuliko zamani. Nimeshuhudia bibi akiirudisha miwani kliniki ikiwa imefungwa kwenye leso. "Mwanangu, hii miwani imemharibu mtoto. Kabla ya miwani hakuwa hivi." Muuguzi alimwamkia, akampa kiti, hakubishana naye. Alimvisha mtoto miwani, akampa ukurasa wa picha ndogo. "Bibi, mtazame sasa." Macho yalikuwa sawa. Akaivua. Jicho la kushoto likazama puani. Akaivisha tena. Baada ya mara ya tatu bibi alisema, "Kumbe akivaa ndiyo yanatulia," na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimvisha asubuhi. Maelezo yangu ya misuli na lenzi yasingefanya kazi hiyo. Miwani ivaliwe tangu kuamka hadi kulala, yenye lenzi za plastiki ngumu na kamba laini ya kuishika nyuma ya kichwa. Mtoto wa miaka miwili anayeivua kila dakika katika siku za kwanza hajaikataa, anazoea.

Pale jicho linapokuwa limeshazembea, kiraka huongezwa. Huzibwa jicho zuri. Nalirudia kwa makusudi, kwani mara nyingi kiraka hurudi kliniki kikiwa juu ya jicho baya. Kwa mantiki ya nyumbani kinachofunikwa ni kibovu. Na siku hizi hatumwagizi mtoto azibwe kutwa. Majaribio ya kitabibu yaliyofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa kwa jicho lililozembea kiasi, saa 2 kwa siku zilitoa matokeo sawa na saa 6; kwa lililozembea sana, saa 6 zilitosha sawa na kutwa nzima. Majaribio ya kundi hilo hilo ya mwaka 2002 yalikuta tone la atropini kwenye jicho zuri linakaribia kufaa sawa na kiraka. Watoto hao walikuwa na miaka 3 hadi kabla ya 7. Kwa mtoto aliye chini ya hapo tunakwenda kwa tahadhari zaidi, kwa kuwa jicho zuri nalo likizibwa mno huzembea. Mwaka wa kwanza wa umri, arudi baada ya wiki moja. Mwaka wa pili, wiki mbili. Kama nauli ya kurudi hivyo haipo, ni heri kumwandikia saa chache kuliko kumwandikia nyingi. Atropini ihifadhiwe juu kabisa ya kabati, mbali na watoto wote wa nyumba, kwani ikimezwa ni sumu.

Ndipo upasuaji. Una historia ndefu: Johann Friedrich Dieffenbach aliukata msuli wa ndani wa jicho la mtoto wa miaka 7 huko Berlin mwezi Oktoba 1839, kabla ya dawa za usingizi. Leo mtoto hulazwa kwa nusu kaputi, jicho halitolewi mahali pake (hofu hii ipo kila nyumba, ijibuni hata kabla hamjaulizwa), na daktari hurudisha msuli mmoja nyuma au huufupisha mwingine, kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Mara nyingi anarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Weupe wa jicho hubaki mwekundu kwa wiki kadhaa. Hatari kubwa iko kwenye usingizi. Msuli ukivutwa moyo wa mtoto unaweza kupunguza mapigo, ndiyo maana nasisitiza hospitali yenye mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto wadogo, hata kama foleni yake ni ndefu.

Mgombea halisi wa upasuaji katika umri huu ni mtoto aliyepinda macho kabla ya miezi sita, kwa pembe kubwa, na ambaye miwani haimbadilishi. Wataalamu wamebishana miaka mingi apasuliwe lini. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia watoto hadi umri wa miaka 6. Waliopangiwa upasuaji mapema, kati ya miezi 6 na 24, asilimia 13.5 waliweza kutambua kina cha picha kwa macho mawili. Kwa waliopangiwa baadaye ni asilimia 3.9. Lakini katika kundi la kungoja, mtoto mmoja kati ya watano alifika miaka 6 bila kupasuliwa, na katika makundi yote mawili takriban robo ya waliopasuliwa walirudi mezani mara ya pili.

Nazisoma takwimu hizo hivi. Faida ya kuwahi ipo lakini ni ndogo, na haitoshi kumtisha mzazi asaini leo. Mimi napendelea upasuaji kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili kwa makengeza ya aina hii, kwa masharti mawili: macho yote mawili yanaona, na pembe imepimwa zaidi ya mara moja ikatoka ileile. Jicho vivu litibiwe kwanza. Jicho lisiloona likinyooshwa, familia huamini kazi imekwisha na kiraka hutupwa. Mtoto anafika darasa la kwanza ana sura nzuri na jicho moja. Na ile robo ya kurudia itajwe kabla ya fomu ya ridhaa, kwa sababu ikitajwa baadaye itasikika kama kisingizio.

Gharama sina nafasi ya kuizungumza yote. Sera yetu inataka mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali, ila kwa fremu na lenzi mzazi mara nyingi huingiza mkono mfukoni, na mtoto wa umri huo huzivunja. Mwambieni mapema, apange.

Kuhusu barua za rufaa, ombi langu ni dogo. Andikeni kengeza lilionekana lini kwa mara ya kwanza na nani aliliona, ni jicho lipi au yanabadilishana, na mboni ilivyoonekana kwa tochi. Mwambieni mama aje na simu yenye picha za mtoto tangu miezi ya kwanza. Picha ya arobaini imewahi kutupa jibu ambalo maelezo ya wazazi yalishindwa. Na andikeni namba ya simu ya atakayesaini fomu, maana mara nyingi si yule aliyembeba mtoto mgongoni kuja kwenu.