Jina la yule dada

Mimi natoka Isingiro. Likizo nilifanya kazi ya mazoezi kwenye gazeti moja mjini Bukoba. Nilidhani nitazunguka na kamera tu, kumbe wapi!

Siku ya tatu niliandika habari ya dada anayeishi na virusi vya UKIMWI. Nikaweka jina, mtaa, hadi kazi ya mumewe. Mhariri akaniuliza, “Amekuruhusu?” Kimya. Sheria ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo. Na Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza nchini, mwaka 1983. Tunajua watu walivyonyooshewa vidole.

Nilirudi kwake kwa miguu. Akasema, “Andika niliyosema, mdogo wangu. Jina liache, watoto wanasoma pale jirani.”

Nikalifuta.