Saladi Laini ya Makaroni na Mahindi

Leo tunaandaa saladi ya makaroni na mahindi mabichi. Chemsha makaroni yaive bila kurojeka, yachuje. Chemsha mahindi pia, kisha kata punje kwa kisu.

Ulaini unatoka kwenye mtindi, na mtindi huo uwe wa maziwa yaliyochemshwa, maana maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba (brusela). Uning'inize katika kitambaa safi hadi maji yachuruzike, ubaki mzito. Tia ndimu, chumvi, kitunguu na asali kidogo ya miombo yetu ya Tabora. Changanya vyote vikishapoa.

Saladi hii isikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Kama huna friji, tengeneza ya mlo mmoja tu.