Mtoto Aliyetoka Wodini: Mhadhara juu ya Saratani, Ubongo na Hesabu ya Walio Hai



Ada ya mhadhara wa namna hii ni kwamba aliyekabidhiwa kiti cha uprofesa asimame mbele ya hadhara aeleze elimu yake ni ya nini na ina manufaa gani kwa watu. Nami, baada ya kutafakari sana, nimeona niziache kando dawa mpya na mitambo mipya, nizungumze juu ya jambo moja ambalo kwa miaka mingi limenikosesha usingizi, nalo ni hili: mgonjwa wetu wa saratani akisha kuruhusiwa, akafunga kitita chake, akapanda basi akaenda zake kwao, sisi tunaoandika kwamba amepona au hakupona, tumejuaje?

Nitaanzia Kampala, kwa sababu hapo ndipo tiba ya saratani ya watoto kwa dawa peke yake ilipoonyesha, mapema kuliko mahali pengi duniani, kwamba yawezekana. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland ambaye tangu utotoni alikuwa akiona kwa jicho moja tu, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto, meno yamelegea na uso umeharibika. Uvimbe wa upande mmoja angaliuelewa. Wa pande nne kwa pamoja ulimshinda. Haukupita muda mrefu, akiwa katika ziara ya hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi majanini na mama yake, uso wake ni ule ule. Akatoka mbio akamchunguza, akakuta na tumboni mna uvimbe. Akarejea Mulago akaanza kufukua majalada ya zamani, na mwaka 1958 akachapisha habari za watoto 38. Maradhi yale leo yanaitwa limfoma ya Burkitt.

Tabia ya mtu huyu ndiyo ninayotaka mwitazame. Hakuwa na maabara ya kujivunia wala fedha nyingi. Alikuwa na picha za wagonjwa wake na hamu ya kuuliza. Mwaka 1961, yeye na matabibu wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakasafiri wiki kumi, maili 10,000, wakishuka kusini mwa bara, na kila hospitali waliyofika walitoa zile picha wakauliza: je, hapa kwenu mnayaona haya? Kutokana na majibu hayo ilidhihirika kwamba maradhi yanafuata joto na mvua, yaani yanakaa mle mle inamokaa malaria. Mwaka uo huo mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, akashikwa na dhana kwamba huenda pana kirusi ndani ya uvimbe huu. Kwa miaka karibu mitatu vipande vya nyama vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala na hakuna kilichoota, hata siku moja ya Desemba 1963 ndege ikazuiliwa na ukungu, ikatua Manchester, na chupa yenye kipande cha nyama ikachelewa. Ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama tui, na mtu mwingine angaliyamwaga akidhani yameoza. Epstein aliyatia chini ya darubini akaona seli hai zinaelea. Kutokana na seli hizo, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walikitangaza mwaka 1964 kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu.

Lakini habari ya kirusi imesimuliwa sana. Ya tiba haisimuliwi vya kutosha. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kumkata mtoto taya zote nne ni jambo ambalo hakuna mpasuaji mwenye huruma angelikubali. Zikajaribiwa dawa, methotreksati na saiklofosfamidi, huko Kampala na kwa Peter Clifford mjini Nairobi, na yaliyotokea yaliwastaajabisha waliokuwapo: uvimbe uliokuwa ukikua kila siku uliyeyuka kwa siku chache, jicho lililosukumwa nje likarudi mahali pake, mtoto akaomba uji. Sababu yake ni kwamba seli za uvimbe huu huzaana kwa haraka isiyo na mfano, kiasi cha wingi wake kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili, na dawa hizi huzipiga seli wakati zinapozaana. Haraka hiyo hiyo ni hatari, maana seli zikifa kwa mamilioni kwa mara moja hutapika sumu zake katika damu, figo zikaziba, moyo ukayumba. Kwa hiyo usiku wa kwanza wa tiba mkononi mwa mtoto hukaa dripu, na muuguzi hupima mkojo saa baada ya saa, na kwa yakini wako watoto waliookolewa na chupa ya kupimia mkojo zaidi kuliko na hekima ya daktari.

Mwaka 1967 Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walifungua pale Mulago kituo cha kutibu limfoma, kikiongozwa na John Ziegler, kijana wa Kimarekani, akishirikiana na Sebastian Kyalwazi, mpasuaji Mganda; na Ziegler alipoondoka mwaka 1972, nchi ikiwa imeingia mikononi mwa Idi Amin, uongozi ulishikwa na Charles Olweny, Mganda pia, ambaye aliiendesha kazi katika miaka ambayo kupata pamba na spiriti tu ilikuwa taabu. Mwaka uo huo wa 1972 tuzo ya Lasker ya utabibu ilitolewa kwa kundi la watafiti wa dawa za saratani, na Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwao.

Hapa ndipo ubongo unapoingia. Matabibu wa Kampala waligundua kwamba mtoto ambaye taya zake zimekuwa safi na tumbo limelainika anaweza kurudi baada ya wiki kadhaa huku ukope mmoja umelala, au mdomo ukivutwa upande anapolia, na maji ya uti wa mgongo yakitazamwa yamejaa seli za saratani. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta wake wa ulinzi, usioruhusu kila kilichomo damuni kupenya. Ukuta huu ni rehema siku zote, ila siku hiyo humlinda adui, kwa kuwa dawa inazunguka mwili mzima ilhali saratani imejificha nyuma ya pazia. Dawa yo yote isiyofika huko ni ahadi nusu. Ndipo ikawa desturi kuitia methotreksati moja kwa moja katika maji ya uti wa mgongo.

Wengi wenu hamjapata kuiona sindano hii, basi nitawaeleza. Mtoto hulazwa kwa ubavu, magoti yakaletwa kidevuni, mgongo ukapindwa kama upinde, na muuguzi mmoja humkumbatia asitikisike huku akimwimbia sikioni kwa lugha ya kwao kama anaijua. Tabibu hupapasa mfupa kwa mfupa, akaingiza sindano nyembamba, akangoja. Tone la kwanza linapotokea huwa safi kama maji ya dafu yaliyochujwa, na sote tuliopo huhesabu matone kimya kimya. Kisha dawa, yenye rangi ya manjano, husukumwa polepole sana. Baada ya hapo mtoto hupewa biskuti. Tunayafanya haya tena na tena kwa mtoto mmoja, na kila mara inambidi arudi.

Inambidi arudi: neno hili ndilo mhimili wa mhadhara wangu. Mwaka ule ule wa 1958 Burkitt alipochapisha habari za watoto wake, wanahesabu wawili wa Marekani, Edward Kaplan na Paul Meier, walichapisha kanuni ambayo leo ni nadra kukuta jaribio la tiba ya saratani lisiloitumia. Matokeo huchorwa kama ngazi inayoshuka: juu kabisa wagonjwa wote wako hai, na kila anapokufa mmoja ngazi hushuka kidato. Na yule aliyetoweka katikati, asijulikane yu hai au amekufa, afanywe nini? Kanuni inasema ahesabiwe kuwa hai hadi siku aliyoonekana mara ya mwisho, kisha aondolewe katika hesabu kimya kimya, ngazi isishuke kwa ajili yake, kwa sharti moja: kwamba kutoweka kwake kusiwe na uhusiano wo wote na hali yake. Sharti hilo limo katika waraka wao kwa maneno ya wazi. Sisi wasomaji ndio tunaolisahau.

Tuseme pana watoto kumi. Siku ya tisa wawili wanaondoka, hawarudi. Wanabaki wanane, na siku ya arubaini wawili kati yao wanakufa. Kwa kanuni, waliopona ni sita katika wanane, yaani asilimia 75. Kama wale wawili walioondoka walikuwa wamekufa siku ile ile, ukweli ni sita katika kumi, asilimia 60; na kama wako hai wanacheza, ni asilimia 80. Tarakimu hizi zinaweza kuifanya dawa ionekane yafaa au haifai, na tofauti yote imo ndani ya nyumba mbili ambazo hakuna aliyekwenda kubisha hodi.

Nasi tunajua ni nani wanaotoweka. Ni yule ambaye nauli imekwisha, yule ambaye mama ameacha wengine wanne nyumbani na mvua za kupandia zimeanza, yule aliyedhaniwa amepona kwa kuwa taya zimenywea, na yule ambaye babu alipomwona ukope umelala alisema mtoto akafie kwao. Katika hao hakuna aliyetoweka kwa bahati nasibu. Wodini tunamwita mtoro. Naliona neno hili ni dhuluma, maana latupa hatia juu ya mtoto wa miaka sita, na fauka ya hayo latuondolea sisi kazi: mtoro amekwenda mwenyewe, basi nani amfuate?

Watu wa Kampala hawakuridhika na jibu hilo. Walikuwa na wafanyakazi ambao kazi yao ilikuwa kupanda gari na orodha ya majina, kwenda vijijini kuuliza kwa wazee wa mitaa nyumba ya fulani iko wapi, kuwatazama watoto uso kwa uso na kuwarudisha waliohitaji. Kwa sababu hiyo waliweza kusema neno ambalo tunalitegemea hadi leo, kwamba mtoto wa limfoma hii aliyevuka mwaka wa kwanza na wa pili bila kurudiwa, aghalabu amepona kabisa. Sentensi hiyo haikutoka maabara. Ilitoka barabara za vumbi, na nathubutu kusema kwamba gari lile lilikuwa chombo cha utafiti kama darubini ya Epstein.

Hata swali la malaria liliwategemea wahesabuji wa namna hii. Katika wilaya ya North Mara, upande huu wetu wa Ziwa Victoria, nchini Tanzania, kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka kumi waligawiwa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama malaria ikipungua, limfoma nayo itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla vidonge havijagawiwa, na watafiti, kwa insafu yao, walikataa kudai zaidi ya walichokiona. Maradhi yanayompata mtoto mmoja au wachache katika laki moja kwa mwaka hayana nafasi ya kusahau mtoto hata mmoja.

Leo, katika nchi tajiri, zaidi ya watoto tisa katika kumi wenye maradhi haya hupona. Kwetu hesabu iko chini sana, na sehemu kubwa ya pengo hilo, kwa maoni yangu, imo katika safari ya kati ya sindano ya kwanza na ya mwisho.

Nina deni la kuungama. Nilipokuwa tabibu kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa kukusanya matokeo ya watoto tuliowatibu. Mmoja wao, mvulana, aliruhusiwa siku ya tisa akiwa mzima machoni petu, akapewa tarehe ya kurudi, hakurudi. Nikaandika jaladani: hajulikani alipo. Ngazi yangu haikushuka, na waliouona mchoro wangu waliusifu. Baada ya mwaka na miezi minne alikuja mzee mmoja na kadi ya kliniki imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Alikuwa baba yake. Alisema mtoto alianza kuona vitu viwili viwili ndani ya basi, kabla hawajafika nyumbani, na wiki ya tatu akafariki. Naye alikuwa amekuja mjini kwa shughuli nyingine, akaona si adabu kukaa na kadi ya watu.

Nilimshika mkono, sikuwa na la kumwambia. Alipoondoka nilifungua daftari, nikakuta kwamba katika muda wote huo kijiji chake kilikuwa kimeandikwa pale kwa mwandiko wangu mwenyewe, pamoja na jina la balozi wa nyumba kumi na kituo cha basi cha kushukia. Nikachukua rula na kalamu, nikafuta ule mstari, nikaushusha kidato kimoja. Kisha nikahesabu ni majina mangapi mengine yaliyoandikwa hajulikani, na asubuhi yake nikaenda kuomba gari.