Mnara wa Saa wa Kisumu: Nani Amesoma Maandishi Yake?



 Nimeombwa nizungumze jambo la historia, nami nimechagua kitu ambacho wengi wetu wa Marani tumekipita tukienda Kisumu: ule mnara wa saa wa barabara ya Oginga Odinga. Tunaupita mbio, mizigo mkononi, tukiwaza matatu ya kurudi Kisii kupitia Ahero na Oyugis. Ni wachache wanaosimama kuusoma.

Vijana wenzangu husema, "Ah, hicho ni kitu cha mkoloni." Haya, hebu tutazame. Ni kweli ulizinduliwa na gavana, Sir Robert Brooke-Popham, tarehe 19 Agosti 1938. Lakini gavana alikuja kuzindua tu. Waliousimamisha ni ndugu wanne, Mohamed, Alibhai, Hassan na Rahimtulla, kwa kumkumbuka baba yao, Kassim Lakha, Muislamu wa jamii ya Ismailia. Mzee huyo aliingia Afrika Mashariki mwaka 1871, Sayyid Barghash akiwa ndiyo kwanza ameshika utawala Zanzibar, na alifariki Kampala mwaka 1910. Piga hesabu mwenyewe. Alifika miaka 30 kabla ya reli kufika ziwani, na wanawe walimjengea mnara miaka 28 baada ya kumzika. Sasa mimi nauliza, hicho ni kitu cha mkoloni, au ni cha watoto na baba yao?

Mtu amefia Kampala, anakumbukwa Kisumu. Si ajabu ukijua bandari ile ilikuwa nini. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo Desemba 1901, na mahali penyewe pakaitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi Preston. Reli iliishia majini. Aliyetaka Uganda alishuka garimoshi akapanda meli. Na meli zenyewe, subhanallah! Ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa Mombasa, kisha zikaunganishwa upya pale Kisumu. Ya kwanza, William Mackinnon, iliingizwa majini mwaka 1900, yaani kabla reli haijafika. Basi vyuma vyake vilipitaje nyika na milima? Sehemu kubwa vilibebwa na wapagazi, vichwani. Watu kama mimi na wewe walibeba meli kwa miguu.

Reli ya kupitia Eldoret ilipofika Kampala mwaka 1931, msafiri wa Uganda hakuhitaji tena kupanda meli Kisumu, na bandari ikapungukiwa. Kwa hiyo mnara ulisimama wakati zile siku za fahari zimeshaanza kupita. Hilo huwa halisemwi, lakini mimi naona ndilo linaloupa mnara uzito.

Na saa yenyewe ilikuwa na faida. Mwaka 1938 saa ya mkononi haikuwa kitu cha kila mtu. Mchukuzi wa sokoni naye alipata wakati bure, bila kumuuliza tajiri. (Ila ilibidi ageuze hesabu kichwani: mshale ukiwa kwenye sita jioni, kwetu ni saa kumi na mbili, futari iko karibu.)

Kinachonisumbua ni hiki. Majina ya wana wanne yameandikwa, tunayasoma mpaka leo. Jina la gavana limebaki vitabuni. Wale wapagazi hatuna hata jina moja la kutaja. Na wazee wetu wa Marani waliotembea kwa miguu kwenda ziwani, nani ameandika lolote juu yao? Mtoto aliyekuwa na miaka 7 siku mnara ulipozinduliwa sasa amepita 90. Kama yupo mmoja kwenu, Ramadhan hii mkimaliza kufuturu kaa naye, chukua daftari, muulize alifika Kisumu mara ya kwanza lini, kwa njia gani, na alikuwa amebeba nini.