Kingamwili: Kutoka Damu ya Kikwit hadi Tiba ya Saratani

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y inayotolewa na seli nyeupe za damu aina ya B. Kila moja hunasa kitu kimoja tu. Mwili ukivamiwa hutoa kingamwili za kila namna kwa pamoja. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kuzalisha maabarani, bila kikomo, kingamwili ya namna moja. Wazo hilo ndilo lililozaa dawa za saratani za kingamwili, na ndilo lililozaa dawa ambayo Kivu Kaskazini inaijua kuliko mikoa mingi ya dunia: dawa ya Ebola.

Chanzo cha dawa hiyo kiko katika mji wa Kikwit, Kongo. Katika mlipuko wa Ebola wa 1995, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakanusurika. Hesabu hiyo ni ndogo, wala hapakuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo haikutosha kuwashawishi wenye shaka. Zaidi ya miaka 10 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu, na seli zake za B zikafanywa zisife kwa kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa saratani ya Burkitt uliotoka Uganda. Kumbe vimelea vya saratani ya watoto wetu vimegeuzwa kuwa kifaa cha kazi. Kutoka kwenye seli hizo ikapatikana mAb114, kingamwili inayoziba sehemu ambayo kirusi cha Ebola huitumia kuingilia ndani ya seli.

Jaribio la PALM, lililolinganisha dawa nne za Ebola, lilianza Novemba 2018, na wagonjwa 681 wakashiriki. Baada ya siku 28, waliokufa walikuwa asilimia 35 kwa mAb114 na 33.5 kwa REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu. Kwa ZMapp ilikuwa asilimia 50 na kwa remdesivir 53. Kati ya waliopewa mAb114 au REGN-EB3, waliofika mapema, virusi vikiwa vichache katika damu, walikufa kiasi cha mmoja kati ya kumi. Agosti 2019, mjini Goma, mama na mtoto wake mdogo walitoka katika kituo cha matibabu ya Ebola wakiwa wamepona.

mAb114 yenyewe ni unga ndani ya kichupa cha miligramu 400. Kipimo ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, mara moja tu, kwa dripu. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji miligramu 2,500, yaani vichupa saba vifunguliwe.

Kwa saratani kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa adui ni seli ya mwili wenyewe. Lazima itafutwe alama inayomtambulisha. Rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hushika alama ya CD20 kwenye saratani za seli za B, Burkitt ikiwemo. Trastuzumab, ya 1998, hushika HER2, ambayo baadhi tu ya saratani za matiti huwa nayo kwa wingi. Kwa saratani ya hatua za mwanzo, tiba ya trastuzumab huchukua takriban mwaka mzima. Zote mbili zimo tangu 2015 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kundi jingine halishambulii uvimbe hata kidogo: huondoa breki ya seli za T, ambazo ni seli nyeupe nyingine za kinga, na wagunduzi wake, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2018.

Tiba ya seli zenyewe, CAR-T, huchukua seli za T za mgonjwa, huzipachika kipokezi kipya, kisha humrudishia. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa bei ya dola 475,000. Kwa hospitali za Kivu Kaskazini, hiyo bado ni somo la darasani.

Kingamwili si somo la darasani, lakini bila kipimo cha alama ni fedha iliyomwagwa: mwenye uvimbe usio na HER2 kwa wingi hafaidiki na trastuzumab. Kwa hiyo daktari anayekata kinyama cha uvimbe Goma akitie kwenye formalini ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72, muda wa safari ukiwemo. Kikicheleweshwa, maabara yoyote, hata iwe bora namna gani, inaweza kutoa jibu la uongo.